Kichwa Kikiuma, Usilisahau Taya

Nawasalimu walioko Ngara mjini, Murgwanza, Rulenge na Kabanga, na wale wa Rusumo mpakani. Nawasalimu wa Biharamulo mjini, Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi. Nawe dereva uliyepaki lori lako Benaco ukingoja kesho uvuke kwenda Rwanda, karibu sana, maana leo na wewe una neno lako.

Jioni hii tuzungumze habari ya kuumwa kichwa. Utasema: ah, kichwa tu! Nani hajawahi kuumwa kichwa? Kweli. Lakini sina haja na kile cha siku moja, umeshinda shambani juani bila maji, ukinywa maji na kupumzika kinapotea. Nazungumzia kichwa kinachorudi. Kichwa cha kila wiki, mwezi unaisha na mwingine unaanza nacho. Pamoja nacho nazungumzia maumivu ya uso na taya, na tabia ya kusaga meno usiku. Nimeyaweka fungu moja kwa makusudi, na kabla hatujaagana utaona kwa nini.

Nina mambo matatu, na nitayarudia ili yakae. La kwanza: kichwa, uso, taya na meno vinaumizana, kwa hiyo panapouma sipo lazima tatizo lilipo. La pili: maumivu ya namna hii yakidumu, mtaalamu mmoja peke yake mara nyingi hayamalizi. La tatu: anayeweza kuwaunganisha wataalamu hao hapa kwetu, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni wewe mgonjwa mwenyewe.

Tuanze, lakini tuanze na hatari, kwa sababu hatari haingoji mazungumzo yaishe.

Kuna kichwa ambacho hakitaki daftari wala ushauri wa jirani. Kinataka kituo cha afya, leo hii. Kichwa chenye homa kali na shingo kukakamaa, au mtu anaanza kuchanganyikiwa. Kichwa kilichokupiga ghafla, kikali kuliko chochote ulichowahi kupata. Kichwa kinachokuja na mkono au mguu kulegea, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito. Kichwa baada ya kuanguka na bodaboda. Mtu mzima aliyeanza kuumwa kichwa na kupata degedege ambayo hakuwahi kuwa nayo. Huyo apimwe, kwa sababu huku kwetu tunafuga nguruwe, na mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia tumboni kwa uchafu, viluwiluwi vyake huweza kufika hadi kwenye ubongo.

Na mama mjamzito, au aliyejifungua juzijuzi: kichwa kikali, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba. Hiyo huenda ni presha ya ujauzito, na mbele yake kuna kifafa cha mimba. Usingoje siku ya kliniki. Nenda.

Kuna mengine mawili wengi hawayahesabu. Shavu au chini ya kidevu kukivimba, una homa na kumeza kunakushinda, hilo huenda ni jipu la jino linaloshuka shingoni, na linaua. Pili, mtu mzima ambaye taya humuuma kila anapopanda mlima na kutulia anapokaa, hasa kifua nacho kikibana, asikimbilie kwa daktari wa meno. Akapimwe moyo.

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya ziada ya kutodharau homa yenye kichwa. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg hapa Biharamulo. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huohuo. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10, wawili wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, na wote 10 walifariki. Dalili zake za mwanzo zilikuwa zipi? Homa kali, kichwa, maumivu ya mgongo, kuhara, mwili kuishiwa nguvu. Zingine kati ya hizo ni zilezile tunazosema kila siku, "ah, malaria hiyo." Kwa hiyo nasisitiza: homa na kichwa, kapime. Kapime malaria, na ikionekana huna malaria, usirudi nyumbani kumeza dawa ya malaria. Muulize tabibu: kama si malaria, ni nini?

Hatari tumeimaliza. Sasa turudi kwa yule ambaye hana homa, hana hatari yoyote kati ya hizo, lakini kichwa hakimwachi.

Chukua mfano huu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anauza ndizi na parachichi kando ya barabara kuu. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja, ni wengi, na pengine mmoja wao ananisikiliza. Anaamka asubuhi taya limekaza, mapanja yanagonga. Anafunga kitambaa kichwani, anakikaza, anameza panado mbili, anakwenda kazini. Baada ya miezi panado haisaidii. Anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki. Anakwenda zahanati: malaria hana, presha iko sawa. Mnadani anauziwa miwani. Haisaidii. Shoga yake anamwambia, "Hilo ni jino." Anakwenda kung'oa. Wiki moja nafuu, halafu maumivu yamehamia jino la pili. Nalo linang'olewa. Mwisho wa yote anachanjwa chale kwenye paji la uso, kwa wembe ambao hajui umetoka kwa nani.

Sasa nikuulize, msikilizaji. Mwanamke huyu amekosa matibabu? Hakukosa. Ametibiwa mara nyingi kuliko sisi wengi. Alichokosa ni mtu wa kumwangalia mzimamzima. Duka la dawa liliona kidonge. Zahanati iliona kipimo. Mwenye kiti cha meno aliona jino. Hakuna aliyemuuliza: usiku unalalaje? Mumeo anasikia nini ukiwa usingizini? Kwa mwezi unameza vidonge siku ngapi?

Hayo maswali matatu yashike.

Sasa tufanye kitu pamoja, popote ulipo, ila wewe unayeendesha gari subiri usimame. Weka vidole vyako kwenye mapanja, pale pembeni ya paji la uso, juu kidogo ya usawa wa macho. Uma meno kwa nguvu, halafu achia. Uma tena, achia. Umesikia nini chini ya vidole? Kuna msuli unaotuna na kulegea. Msuli huo ni wa kutafuna. Umeshikwa kwenye taya, lakini umepanda hadi pembeni mwa kichwa. Sasa shusha vidole kwenye mashavu, karibu na pembe ya taya, ufanye vilevile. Huo nao ni wa kutafuna, na una nguvu sana kwa ukubwa wake.

Sasa fikiria misuli hiyo inafanya kazi usiku, tena na tena, hakuna chakula mdomoni, meno yanasagana yenyewe kwa yenyewe. Asubuhi itauma au haitauma? Itauma. Na itaumia wapi? Kwenye mapanja! Mtu anasema, "Naumwa kichwa." Hakosei, kichwa kinamuuma kweli. Lakini lililofanya kazi usiku ni taya.

Utauliza, mbona basi jino nalo linauma na halijatoboka? Hapo inabidi tufahamu mishipa ya fahamu. Uso wetu una mshipa mkubwa mmoja wa fahamu kila upande, wenye matawi matatu: la paji la uso na jicho, la shavu na meno ya juu, na la taya na meno ya chini. Habari za matawi yote matatu, pamoja na zile za shingo ya juu, zinafika mahali pamoja chini ya ubongo. Ni kama njia panda ya Nyakanazi: magari ya Kahama, ya Kigoma na yanayotoka Lusahunga yote yanakutana pale. Mtu akisikia honi tu akiwa ndani ya nyumba, hajui ni gari la njia ipi. Ubongo nao hukosea hivyohivyo. Msuli wa taya unauma, ubongo unasema jino. Shingo imechoka kwa kubeba ndoo za maji na mikungu ya ndizi kichwani, ubongo unasema kichwa. Jino limeoza kweli chini, sikio ndilo linalolalamika.

Ndiyo maana nikasema, la kwanza: panapouma sipo lazima tatizo lilipo.

Haya, ni vitu gani basi vinavyokutana hapo? Nitataja vinne, kwa ufupi.

Cha kwanza ni kipandauso. Kichwa kinagonga, mara nyingi upande mmoja, mwanga unaudhi, kelele zinaudhi, kichefuchefu kinakuja, unatamani chumba chenye giza. Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa wasomi na watu wa mijini. Si kweli. Miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba vijijini kuzunguka hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakakuta wakulima na wafugaji wenye kipandauso kama watu wengine. Huwapata zaidi wanawake, na wengi huwajia karibu na siku za hedhi.

Cha pili ni hicho cha misuli ya taya na kiungo chake, kile kilicho mbele ya sikio. Kinalia "kwak" ukipiga mwayo, wakati mwingine taya linagoma kufunguka. Jipime: mtu mzima kwa kawaida anapanua mdomo vikaingia vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa. Vikiingia viwili tu kwa shida, mwambie daktari.

Cha tatu ni mshipa wa uso wenyewe kuugua. Huu ukikupata hutausahau: shoti kama ya umeme, sekunde chache, upande mmoja, inaamshwa na kitu kidogo tu, kunawa uso, kupiga mswaki, hata upepo. Nautaja kwa sababu wagonjwa wake hung'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, na shoti iko palepale. Dawa yake ya kwanza ni kabamazepini, ileile inayotolewa kwa wagonjwa wa kifafa. Inatolewa kwa uangalizi wa daktari, si ya kuazima kwa jirani.

Cha nne, na hapa nataka unisikilize vizuri, ni kichwa kinacholetwa na dawa ya kichwa. Naam. Mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa akimeza panado au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuzalisha kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye dawa mbili tatu pamoja na kafeini, inatosha siku 10 kwa mwezi. Anameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu anameza. Kuacha kunasaidia, ingawa siku za mwanzo kichwa huzidi kabla ya kupungua, ndiyo maana uache ukiwa na tabibu anayejua. Na diklofenaki za kila siku zinachimba tumbo na kuumiza figo. Panado nayo ina mpaka: kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa siku nzima, usiku na mchana.

Umeona? Vitu vinne, na mtu mmoja anaweza kuwa na viwili au vitatu kwa pamoja. Yule mwanamke wetu wa ndizi pengine anasaga meno usiku, ana kipandauso kila mwezi, na ana kichwa cha vidonge juu yake. Ukitibu kimoja ukaacha viwili, atarudi. Atasema dawa zenu hazifanyi kazi, na kwake ni kweli.

Tuguse kusaga meno kidogo, kwa sababu hapa maneno ni mengi. Mtoto akisaga meno usiku, bibi anasema nini? "Huyu ana minyoo!" Mpe mtoto dawa ya minyoo kama shule au kliniki inavyoelekeza, ni jambo jema, inamsaidia damu na ukuaji. Lakini usishangae minyoo ikitoka na meno yakaendelea kusagwa. Watoto wengi husaga, na wengi huacha wenyewe wanapokua. Cha kuangalia ni kama mtoto anakoroma sana au anakatika pumzi usiku, au anaamka na kichwa. Hapo mpeleke.

Kwa mtu mzima, wataalamu wanatenganisha kusaga kwa usingizini na kubana meno mchana ukiwa macho. Kusaga kwa usingizini kunatokana zaidi na namna ubongo unavyoshtuka usiku kuliko na mpangilio wa meno. Kunaongezwa na pombe, sigara, kafeini nyingi, kukoroma, baadhi ya dawa, na msongo wa mawazo. Kubana kwa mchana ni mazoea: unapiga hesabu za deni, meno yamebana. Bodaboda imekuchomekea, meno yamebana. Hebu nikuulize sasa hivi: meno yako ya juu na ya chini yamegusana? Kama hutafuni wala humezi, hayatakiwi kugusana. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike juu nyuma ya meno ya mbele. Jikumbushe kila simu inapolia.

Dereva wangu wa Benaco, hili ndilo neno lako. Usingizi wa saa tatu, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, sigara, na wengine mirungi, ambayo kwanza sheria ya nchi hii imeikataza: hapo umeuambia ubongo usilale na taya lifanye kazi. Ukiona meno yako ya mbele yamekatika sawa kama yaliyopigwa msasa, usiseme ni uzee. Na sisi wana Kagera tuna kahawa yetu ya kutafuna. Ni heshima ya mgeni, siikatai. Lakini mwenye taya linalouma anayetafuna kahawa tangu asubuhi hadi jioni anajipa adhabu mbili: kafeini na kazi ya taya. Aipumzishe wiki kadhaa, pamoja na muwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu.

Sasa tufike jambo la pili: wataalamu wengi kwa mgonjwa mmoja. Wazo hili lilitoka wapi? Kulikuwa na daktari mmoja Marekani, John Bonica, mzaliwa wa Italia. Alijilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka ya kulipwa, na mwili wake mwenyewe ukabaki na maumivu maisha yote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mtaalamu wa ganzi katika hospitali ya jeshi, akiletewa askari ambao maumivu yao yalishinda kila daktari mmojammoja. Akaanza kuwakutanisha wenzake, wa mishipa, wa mifupa, wa akili, wamzungumzie mgonjwa mmoja kwa pamoja. Akaona kuwa kwenye kikao kile yanapatikana majibu ambayo barua za rufaa hazikuwahi kuyaleta. Mwaka 1953 aliandika kitabu kikubwa juu ya tiba ya maumivu, na baadaye akajenga kliniki ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Leo wenzetu wa Denmark wana kituo cha kichwa ambako daktari wa mishipa ya fahamu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mwanasaikolojia wanamhudumia mgonjwa yuleyule.

Utaniambia: hiyo ni Denmark. Sisi madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wa kuwatafuta kwa tochi. Ni kweli. Rufaa ya bingwa huenda ikakupeleka hadi Bugando, Mwanza, na hata baada ya Daraja la Magufuli kufunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko cha Busisi kwisha, nauli bado ni nauli. Lakini angalia nini tunacho. Ngara kuna hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga. Biharamulo kuna hospitali yake. Katika hospitali ya ngazi hiyo unatazamia kumkuta daktari au afisa tabibu, mtaalamu wa meno, mfamasia, muuguzi, na afisa ustawi wa jamii. Pengine na mtaalamu wa viungo. Hao ndio wanaohitajika kwa wagonjwa walio wengi!

Kila mmoja afanye nini? Mtaalamu wa meno akague kama jino limeoza kweli, ufizi una usaha, meno yamelika, ulimi una alama za meno pembeni, na akiona jino zima, aseme "hili siling'oi." Akiweza, atengeneze kifaa cha kuvaa usiku, kinacholinda meno yasilike, ingawa hakiondoi tabia yenyewe. Daktari apime presha, macho, mishipa, damu, aulize habari za vidonge. Kwa kichwa cha mara kwa mara anazo dawa za kuzuia, za zamani na za bei nafuu, kama amitriptilini ya kiwango kidogo au propranololi, ambayo mwenye pumu haimfai. Mtaalamu wa viungo afundishe mazoezi ya taya na shingo. Mfamasia, na mwenye duka la dawa kijijini, ndiye wa kwanza kujua nani ananunua vidonge kila siku. Huyo akisema neno moja, "mama, hebu nenda ukaonwe," ameokoa figo ya mtu.

Na ustawi wa jamii? Hapa wengine wanacheka: kichwa kinauma, unanipeleka kwa mtu wa maneno? Ndugu yangu, mwili una namna yake ya kubeba yaliyo moyoni. Deni, ugomvi wa shamba, kipigo ndani ya nyumba, msiba usioliliwa. Wazee wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, takribani wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Mambo waliyoyaona waliovuka, na waliowapokea, hayakuisha siku kambi zilipofungwa. Mtu akibana meno usiku kwa sababu kama hizo, si mwongo wala si mwendawazimu. Maumivu yake ni ya kweli, na kuzungumza na mtu aliyefundishwa ni sehemu ya tiba.

Waganga wa tiba asili nao nawaambia: kukanda shingo na taya kwa kitambaa cha moto, vema, endeleeni. Lakini chale kwa wembe wa watu wengi, hapana. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupita kwenye wembe.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa. Nani atawakutanisha hao wote? Angalia mkoba wako. Wengi wetu tunakwenda zahanati na daftari la shule, tabibu anaandika humo. Tatizo ni kwamba daftari lina kurasa tatu zilizoandikwa, linapotea, tunanunua jingine. La meno liko huku, la zahanati liko kule. Nasema hivi: nunua daftari moja, la kichwa chako, na kila mtaalamu aandike humohumo. Na wewe mwenyewe kila jioni, kwa mwezi mmoja, andika mstari mmoja. Kichwa kimeuma leo, ndiyo au hapana? Wapi? Taya lilikaza asubuhi? Umemeza kidonge gani, vingapi? Umelala saa ngapi? Kama ni siku za hedhi, weka alama. Kama ulikunywa rubisi, weka alama, hakuna atakayekushtaki. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule atakuandikia. Mwezi ukiisha, tabibu mwenye dakika tano tu ataona kwenye ukurasa mmoja mambo ambayo usingeweza kumweleza kwa saa nzima.

Kwa leo usiku, anza na haya: kitambaa cha maji ya moto kwenye taya dakika kumi, chakula laini kama ndizi zilizoiva vizuri na maharage laini, pombe na kahawa usizitumie jioni, na meno yaachane. Wengi wenye maumivu ya taya hupata nafuu kwa hatua ndogo kama hizi, bila kisu na bila koleo.

Na kwenu Waganga Wakuu wa Wilaya zetu mbili, nina ombi moja la heshima. Hatuombi jengo wala mashine. Tengeni asubuhi moja kila mwezi, mtaalamu wa meno, daktari, mfamasia, ustawi wa jamii na wa viungo kama yupo, wakae chumba kimoja na wagonjwa wa kichwa na uso waliosumbuka muda mrefu. Mshahara wao uko palepale. Kinachohitajika ni ratiba.

Tufunge kwa kurudia. Moja: panapouma sipo lazima tatizo lilipo, kwa hiyo kichwa kikiuma, taya nalo likaguliwe. Mbili: maumivu sugu yanahitaji macho ya wataalamu zaidi ya mmoja. Tatu: daftari moja, liende nawe kila mahali. Na zile dalili za hatari, homa kali, shingo kukakamaa, kichwa cha ghafla, mwili kulegea upande mmoja, mjamzito mwenye kichwa kikali: hizo hazina daftari, ni hospitali mara moja.

Na ukikalia kiti cha meno, una haki ya kuuliza swali hili kabla ya ganzi: "Daktari, jino hili lina ugonjwa gani?" Kama jibu halieleweki, usikubali ling'olewe siku hiyo.